Wati Haifagii Nyumba

Haya ni maneno niliongea siku ya posho mbele ya bandugu wanaofanya kazi ya usafi mu maoteli, mu mabiro na mu nyumba za watu hapa Goma. Mvua ilizuia wengi kufika, basi naiweka yote hapa vile ilikuwa. Picha nilikuwa naonyesha ku ukuta nimeziacha, hata siku yenyewe hazikuonekana muzuri.

Jambo yenu!

Mumeitika kidogo, najua ni baridi. Jambo yenu! Haya, sasa njo nasikia watu wako mu sale.

Bamama, bapapa, vijana, na wewe muzee wetu sentineli umekaa pale nyuma na koti, aksanti kwa kuja. Mimi munanijua, ni fundi wa moteri, nafanyaka bobinaji, yaani kuzungusha waya upya mu moteri iliyoungua. Aspirateri yako ikitoa moshi, inaishia ku meza yangu. Jirani zetu wa Nairobi wanaita vakyumu, mu vitabu wanaandika kifyonza-vumbi, sisi hapa tunasema aspirateri na tunasikilizana. Sasa chama chenu kiliniambia hivi: fundi, kuja utuonyeshe namna ya kuchagua aspirateri ya nguvu. Nikasema sawa, nitakuja. Nikifika ku nyumba nikajiuliza, nguvu gani?

Hebu niwaulize. Ukiingia ku duka, karto ziko zimepangwa, unaangalia nini ya kwanza? Semeni tu. Wati! Wote munasema wati, na huyu mama wa mbele amesema mbele muuzaji hajafungua kinywa. Ku karto moja wameandika 1400, ku ingine 2000, ku ingine 2400 na mwale wa radi pembeni, na sisi mikono inaenda ku radi. Si njo vile?

Bandugu, wati ni chakula. Ni chakula mashine inakula, si kazi inafanya. Kuko kijana anamaliza sahani mbili za bugali na sombe yote ya nyungu, ukimupa jembe, saa tatu asubui anatafuta kivuli. Na kuko kamama kembamba kamekula kiazi moja, unakaona kanapandisha mulima na gunia ya makala ku mugongo. Ukitaka mufanyakazi utauliza sahani ngapi anakula? Lakini kwa aspirateri tunauliza sahani. Tunauliza sahani, halafu tunalipa sahani kila mwisho wa mwezi.

Na ile chakula inaenda wapi? Weka mukono nyuma ya mashine yako, pale upepo inatokea. Ni moto, eh? Ile moto ni wati zako. Ile kelele inayoamusha mutoto wa jirani, ni wati zako. Mu wati 1000 zinazoingia ku waya, zile zinazofika kuwa nguvu ya kuvuta upepo ni robo hivi, ikiwa mashine ya muzuri inaweza kufika theluti na kidogo. Zote zingine ni joto na makelele. Sasa mashine mbili zenye wati moja, moja imetengenezwa na akili na ingine imetengenezwa haraka haraka, hazifanyi kazi moja, na karto haitakuambia ile.

Nimewaletea hadisi ya ku soko. Miaka fulani nilipita Birere nikakuta kijana anauzisha aspirateri, watu wamemuzunguka. Alikuwa na karo ya chini, yaani kigae, ile kubwa ya kung'aa, ameiweka ku meza. Anawasha mashine, anagusisha mudomo wa tiyo ku karo, tii! karo inanyanyuka, inabaki inaning'inia hewani. Watu makofi. "Munaona nguvu! Wati elfu mbili na mia mbili!" Bapapa wawili walilipa pale pale, na mimi karibu nilipe, mimi fundi mwenyewe, juu mutu akipiga makofi akili inatoka kidogo.

Nikarudi ku atelie naifikiria ile karo. Wakati karo iko imekamatwa, upepo ngapi inapita mu tiyo? Hakuna. Zero. Mudomo imefungwa. Sasa nani anabebaka vumbi, ni kukamata ao ni upepo inayotembea? Vumbi inabebwa na upepo inayotembea, sawa vile maji ya mvua inabeba takataka mu kaniveau, hakuna maji inatembea, hakuna takataka inaenda. Ile kijana alionyesha nusu ya jambo na akauzisha yote.

Kuko vitu viwili, na munishikie hii kwa muzuri. Kuko kukaza, ile kukamata ya karo. Na kuko wingi wa upepo inayopita kila sekunde. Ukifunga mudomo, kukaza inakuwa mingi kabisa na upepo inakuwa zero. Ukiacha mudomo wazi hewani, upepo inakuwa mingi na kukaza karibu inaisha. Kazi ya kusafisha iko katikati, pale viwili vinakutana, na wale wanaopima vizuri wanazidisha moja kwa ingine, ile hesabu njo inatoa wati za upepo. Zile njo wati za kuuliza. Ukiona ku karto wameandika wati za upepo, hata kama ni 200 tu, yule muuzaji amekuambia neno la maana kuliko ule wa 2400 na radi.

Sasa tuende mbali kidogo, London, mwaka 1901. Kulikuwa injenia mumoja jina yake Hubert Cecil Booth. Alienda kuangalia mashine ingine ya kusafisha, ya Marekani, na ile mashine haikuvuta, ilipulizaka. Fikirini! Inapuliza vumbi, wanategemea ianguke mu sanduku, na nyingi inarudi kukaa pale pale. Booth akauliza mwenye mashine, kwa nini isivute? Wakamuambia haiwezekani. Alifanya nini? Alikamata kitambaa chake, ile ya mufuko, akaiweka ku kiti, akaweka kinywa pale, akavuta pumzi kwa nguvu yake yote. Karibu afe na kukohoa. Lakini akigeuza kitambaa, chini yake kulikuwa alama nyeusi ya vumbi, duara ya kinywa chake kabisa.

Ile mashine alitengeneza ilikuwa kubwa sawa gari, inakokotwa na farasi, inabaki inje barabarani na tiyo ndefu zinaingia ku madirisha. Mwaka 1902 ilisafisha tapi, yaani mazulia, za kanisa la Westminster mbele ya kutawazwa kwa mufalme Edward wa saba. Napenda ile hadisi juu ya kitambaa, si juu ya mufalme. Mutu mumoja, pumzi moja, wati karibu hakuna, na vumbi ilitoka. Juu ya nini? Juu kinywa chake kiliziba vizuri ku kiti, hakuna upepo ilipita pembeni. Njia ilikuwa fupi na haina tundu.

Na wa pili ni ndugu yenu kabisa. Ninyi wa usafi, huyu muangalie sawa wa kwenu. Canton, mu Ohio, Marekani. James Murray Spangler alikuwa anafagia mu duka kubwa, muzee, na alikuwa na asma. Kila akifagia tapi, vumbi inapanda, kifua kinafunga. Nani hapa anajua ile? Mikono. Ona, mikono ni mingi. Spangler hakungojea patron amunulie kitu. Alikamata moteri ndogo ya umeme, sanduku, muti wa fagio, na foronya ya mutu wa kitanda kwa kukamata vumbi, akafunga yote pamoja. Na hapa sikilizeni: akaweka brosi ya kuzunguka pale chini. Mu 1908 akapata hati yake ya uvumbuzi, na familia ya Hoover wakainunua, na wao wakatajirika na jina yao ikajulikana dunia muzima, ya Spangler sisi njo tunaikumbusha mu mvua hii.

Kwa nini nasema brosi? Juu ku tapi, vumbi haikai juu. Inazama, inashika mu mizizi ya nyuzi. Upepo peke yake inapita juu juu sawa motari anapita mbele ya mulango wako bila kuingia. Brosi inapiga, inatikisa, vumbi inaamka, halafu upepo inaibeba. Ku karo ya chini ni kinyume, kule brosi ya kuzunguka inaweza kurusha muchanga pembeni, unahitaji mudomo inayokaa karibu na chini na manyoya mafupi ya pembeni.

Na hapa niwatubulie siri ya oteli moja, jina siseme, iko upande wa ziwa. Meneja aliniita na hasira, eti tapi ya sale ya mikutano haitakate, wageni wanalalamika, walinunua mashine ya 1600, wakatupa, wakanunua ya 2400, hali ni ile ile, sasa anataka nimutafutie ya 3000. Nikamuambia niite kijana anayefanya kazi. Kijana akakuja, akawasha, akaanza. Nikaangalia kichwa cha mashine. Munajua ile pedali ndogo juu ya kichwa, ile ya kukanyaga na muguu? Kijana alikuwa anafanya mwaka moja na nusu bila kuikanyaga hata siku moja. Manyoya ilikuwa imeshuka chini, yaani imetegwa kwa karo, na yeye anaisukuma ku tapi ya manyoya mrefu, kichwa inaelea juu juu, upepo yote inaingia pembeni. Nikakanyaga, ka! Manyoya ikapanda. Nikamuambia pita sasa, polepole, sawa mutu anayepiga pasi suruali ya ndoa, usikimbie. Akapita mara mbili. Nyuma yake kukabaki njia ya rangi ingine. Tapi ilikuwa ya blé marini, ile buluu ya giza, wao wote walifikiri ni kijivu.

Mucheke, lakini kesho angalieni pedali zenu. Na yule kijana hana kosa, hakuna mutu alimuonyesha.

Sasa hapa ku meza. Munaona mashine mbili. Hii kubwa nyekundu ni 2200, mupya, mama mumoja wenu ameniazimisha, aksanti mama. Hii ya pili ya kijivu ni yangu, 750, kuukuu, nimeikokota kutoka vitu vya okazio, vya mutumba, na nikaitengeneza, kichwa iko na brosi ya kuzunguka. Kipande cha tapi, kimoja, nimekikata mbili. Na mu kikombe niko na muchanga wetu mweusi, nimeuchunga na kichungio cha unga. Vijiko 10 hapa, vijiko 10 pale, nasugua na mukono mpaka ile muchanga inazama. Papa njoo uhesabu. Wewe mwingine hapana, uko rafiki yangu, hawataamini. Kila mashine mara tano, kwenda na kurudi, mwendo moja. Halafu tunafungua mifuko.

(Kwa wale hamukukuwa pale: kubwa ilirudisha vijiko 6 na kidogo. Ndogo ilirudisha 8, na papa anayehesabu alipima mara mbili juu hakuamini. Mwenye mashine nyekundu alinyamaza kabisa.)

Hii si laboratwari, najua. Lakini kuko watu wenye laboratwari na walifika pale pale. Bazungu wa Umoja wa Ulaya waliona sawa sisi, kila kampuni inapandisha wati ili iuzishe, moja inaweka 1800, jirani anaweka 2000, na nyumba hazitakati zaidi, paka umeme inaliwa. Basi wakaweka sheria. Kutoka tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka 2014, hakuna aspirateri mupya ya nyumbani inaruhusiwa kuingia ku soko yao ikiwa inapita wati 1600. Kutoka tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka 2017, isipite 900. Mia kenda! Watu wakalia, magazeti ya Uingereza ikaandika sana, wengine walikimbia ku maduka kununua zile kubwa mbele zimalizike.

Lakini kuko sehemu ya ile sheria watu hawasomake. Hawakusema tu ule kidogo. Walisema ule kidogo na ufanye kazi. Mashine ilazimike kutosha ku tapi angalau sehemu 75 mu 100 za vumbi waliyoweka, na ku chini ngumu yenye mipasuko angalau sehemu 98. Kelele isipite desibeli 80. Tiyo ikunjwe mara 40,000 bila kupasuka. Moteri iishi angalau saa 500. Na kampuni zilifanya nini? Zilirudi ku kichwa, ku njia ya upepo, ku mipira ya kuziba, ku turbini, ile feni ya ndani inayosukuma upepo, yaani ku vitu walisahau wakati walikuwa wanashindana na namba.

Saa 500, fanyeni hesabu na mimi. Mama wa nyumba anawasha saa moja kwa juma, anafika miaka 9 na nusu. Wewe wa oteli unawasha saa mbili kila siku, ni siku 250. Haifiki hata mwaka! Basi patron akikupa aspirateri ya nyumbani kwa kazi ya oteli na ikikufa mwezi wa 9, anakukata mushahara wewe juu ya nini? Ile neno mulipeleke kwake, semeni fundi njo alisema.

Kuko na ingine ilinichekesha. Ile etiketi ya rangi walikuwa wanabandika, A, B, C, walikuwa wanapima mashine na mufuko mutupu. Kampuni ya James Dyson, yule wa mashine zisizo na mufuko, ikaenda ku tribinali, ikasema nani anasafisha nyumba na mufuko mutupu milele? Mwezi wa 11 mwaka 2018 tribinali ya Ulaya ikasema ni kweli, etiketi ikatoshwa. Kikomo cha wati 900 kikabaki.

Mufuko mutupu! Hapa Goma mufuko mutupu unabaki mutupu dakika ngapi? Tuko tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano yetu. Lava ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilipita katikati ya muji mpaka ku ziwa, ile ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena, na kila gari, kila chukudu, ile baiskeli yetu ya muti, inasaga yale mawe kidogo kidogo. Vumbi yetu ni jiwe la kusagwa. Inakwaruza karo, inakula kona za tiyo, inaingia mu rulma ya moteri, yaani beringi, inafanya sauti ya kusaga meno. Na ile laini sana inaziba filtre mbele mufuko haujajaa hata nusu. Kwa hiyo usiseme mufuko haujajaa, ukung'ute filtre kwanza.

Sasa naomba munyamaze kidogo, nataka musikie kitu. Nawasha hii kubwa. Sikieni sauti. Sasa naweka kiganja ku mudomo wa tiyo, naziba. Mumesikia? Sauti imepanda, iiiii, sawa mutoto analia. Nani anasema mashine inafanya kazi zaidi? Mikono. Mingi. Hata mimi zamani nilisema hivi. Mama njoo uangalie hii pensi ya kupima ampere nimefunga ku waya, usome wewe. Nikiacha wazi? Nikiziba? Imeshuka! Sauti inapanda na ampere inashuka. Juu turbini haina upepo wa kusukuma, inazunguka bure, inakimbia sawa baiskeli ilitoka chene, muguu inaenda mbio na baiskeli imesimama. Ile kilio tunafikiri ni nguvu ni mashine inayosema, sina kazi, nimezibwa.

Na ubaya unafuata. Mu mashine mingi ya nyumbani, ule upepo unaopita njo unapoza moteri. Hakuna upepo, hakuna kupoza. Moteri inazunguka mara 30,000 na zaidi kwa dakika, imefungiwa mu plastiki, bila hewa. Zingine ziko na kifaa cha kukata umeme zikipata joto, unangojea nusu saa inawaka tena, na badala ya kutafuta kwa nini ilikata unasema Mungu ni mwema unaendelea. Ya tatu ao ya ine, inakuja kwangu.

Juma moja iliyopita nilifungua moja. Nikatosha skuru, kifuniko, ile sifongo ya kelele ilikuwa ngumu sawa mukate wa juzi. Chini yake makala ya moteri, zile wanaita sharbo, vipande viwili vidogo vinavyogusa kolekteri, ile shaba inayozunguka na moteri, si makala ya mbabula, jiko la kupikia, ilikuwa imebaki urefu wa punje ya muchele. Kolekteri nyeusi, imechimbika. Varnishi ya waya imegeuka kahawia, inanuka sawa maharagi imeungua ku nyungu. Nikauliza mwenye mashine, filtre uliosha lini? Akaniangalia. "Filtre gani?"

Basi hakuna wati ilimusaidia.

Na ile ya mbabula, mbele nisahau: usivute jivu la mbabula na aspirateri, hata kama inaonekana imezima. Kaa moja ndogo ndani, upepo inaipuliza sawa kipepeo cha moto, mufuko ni karatasi. Nimeona moja iliwaka mu koridori, waliimwagia maji ingali imeshikana na umeme, sitaki hata kuielezea.

Tupite ku umeme haraka, juu naona wengine wanaangalia saa. Mashine ya 2200 ku volti 220 inakula ampere 10. Ya 700 inakula 3 na kidogo. Ni mara tatu tu, eh? Lakini joto mu waya ya ralonji, ile ya kuongeza urefu, haipande mara tatu, inapanda mara 10 hivi, juu inaenda na ampere kuzidishwa kwa yenyewe. Munashangaa ralonji imekunjwa chini ya kanape inayeyuka? Na wale wa grupu ndogo, jenereta ile ya kilowati moja, munaweza kuwasha 700, ya 2200 haiwezekani, grupu inakohoa inazima. Halafu kwetu jioni volti inashuka, kila mutu amewasha rechaud ya kupikia, nimepima mu kartie moja nikakuta 170. Pale hata ile 2200 haiko 2200 tena. Karto inaongea juu ya volti zake, si zako. Fanyeni kazi ya tapi asubui.

Na mashine za Marekani, tafadhali! Zile haziandike wati kubwa, zinaandika ampere, utaona 12, na chini kwa maandishi madogo 120 volti. Ndugu mumoja alipokea moja mu kontena, akaichomeka ku 220 yetu. Ilivuta vizuri sana, anasema, haijawahi kuvuta namna ile. Dakika mbili. Nilizika.

Neno la mwisho wengi hamutaliamini. Aspirateri haivuti. Inatosha hewa ndani, na hewa ya inje inasukuma ikiingia, njo inabeba vumbi. Ku bahari hewa inasukuma na kilopaskali 101. Sisi hapa tuko karibu metre 1500 juu, inabaki 85 hivi, hewa ni nyepesi. Turbini ile ile, ikizunguka mwendo moja, inakaza hapa kidogo kuliko Mombasa. Ni kidogo, haikuzuii kusafisha, lakini mashine yenye kuvujisha hapa inateseka mara mbili. Tundu moja ku tiyo, ni sawa kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na murija umepasuka, padri anisamehe, unavuta mpaka macho yanatoka na kinywani inafika hewa.

Maswali? Ndiyo mama. Uliza kwa sauti.

Anauliza, mama mwenye hii nyekundu, kama aitupe. Hapana mama! Usitupe, dolari zako. Moteri yake ni muzima, mimi nilisikiliza. Angalia hapa ku shingo ya tiyo, pale inaingia ku kichwa. Weka kidole. Unasikia hewa baridi? Kuko mupasuko mudogo, ile kijiko moja na nusu ilitufia pale. Kichwa yake ni ya karo tu, nitakutafutia ya brosi inayozungushwa na upepo yenyewe, haihitaji waya, ziko ku vitu vya okazio. Na filtre, uiondoe leo jioni, uoshe na maji bila sabuni ikiwa wameandika inaoshwa, uiache ikauke siku muzima, si kuirudisha ingali bichi juu wageni wanakuja. Siku ya kwanza uniletee ku atelie, tutaifunga ile mupasuko, halafu tutarudia vijiko, mimi na wewe. Lakini muchanga utaleta wewe, wangu umeisha.